Breki Zako, Roho Yangu: Kushuka Mlima kwa Baiskeli Mkiwa Wawili

Siku hizi ukiamka alfajiri ya Jumamosi pale Dar, kabla jua halijawaka, utawaona. Kundi la watu wazima na akili zao, wahasibu, mawakili, madaktari, wamevaa nguo za kubana na viatu vya kugonga "ko ko ko" kama kwato, wanaelekea Bagamoyo kwa baiskeli za resi. Na siku hizi si wanaume peke yao. Kuna wachumba, kuna mke na mume, kuna waliokutana humo humo kwenye kundi na sasa wanachangiwa harusi. Mimi na mwenzangu tumo.

Tatizo la Dar ni moja: hakuna mlima. Unaweza kukanyaga miaka miwili barabara ya Bagamoyo ukajiona fundi, miguu imekaza, pumzi ipo, halafu siku moja mtu anasema, "Jamani, twendeni Lushoto." Hapo ndipo patamu. Wote mnajiandaa kwa kupanda. Mnaulizana gia, mnakula tambi usiku, mnapiga mazoezi ya ngazi ofisini. Hakuna hata mmoja anayeuliza, "Na tukishafika juu, tunashukaje?"

Kupanda mlima kibaya kinachoweza kukupata ni aibu. Unashuka, unasukuma, watoto wa shule wanakucheka, yamekwisha. Kushuka ni habari nyingine kabisa. Na mkiwa wawili mnaopendana, kushuka kunatoa maneno ambayo sebuleni hayajawahi kusemwa.

Barabara yenyewe

Kwa asiyeijua, barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo ni kama kilomita 33, lami tupu, kwenye Milima ya Usambara mkoani Tanga. Lushoto iko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo iko chini kwenye joto, mita 400 na kidogo. Yaani unashuka takriban kilomita moja nzima kwenda chini. Juu kuna baridi na mikaratusi, katikati unapita Soni penye maporomoko ya maji, halafu barabara inashika bonde la mto na kuanza kujikunja. Upande mmoja ukuta wa jiwe, upande wa pili hewa. Kona moja haijaisha, nyingine imeshafika.

Na si barabara yako peke yako. Kuna malori ya kabichi na viazi yanayoshuka yakilia kwa gia ndogo. Kuna Kosta za abiria, dereva amezaliwa hapo hapo na anaijua kila kona kwa jina. Kuna bodaboda, kuna mama na ndoo ya plamu kichwani, kuna mbuzi. Mbuzi, bwana, hajawahi kusoma alama ya barabarani.

Sasa fikiria. Mtu wa kilo 75 na baiskeli na chupa zake za maji, jumla kilo 85. Kushuka mita 1,000, mwili huo unabeba nguvu ambayo kama ungeweza kuikusanya yote, ingechemsha lita mbili na nusu za maji kutoka nyuzi 20. Nguvu hiyo lazima iende mahali. Nyingine inachukuliwa na upepo unaokupiga kifuani. Iliyobaki yote inaishia kwenye breki zako, vipande viwili vya raba au visahani viwili vya chuma. Ndiyo maana nasema somo la breki si la mafundi tu.

Kilomita 50 si mara mbili ya 25

Hili watu wengi hawalijui, hata wenye digrii. Spidi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Kwenye lami kavu na tambarare, breki nzuri, ukikaza kwa nguvu ya kutosha lakini bila kuruka usukani, kwa kilomita 25 kwa saa unasimama ndani ya mita 5 hivi. Kwa kilomita 50 unahitaji kama mita 20. Kwa 60 ni mita 28. Na hapo sijahesabu ile sekunde moja ambayo ubongo unatumia kusema "mbuzi!" Kwa spidi ya 50, sekunde moja ni mita 14, hujagusa hata breki. Kwenye mteremko mkali ongeza mita nyingine kadhaa, maana mlima wenyewe unakusukuma.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata mimi ni rahisi: naenda spidi itakayoniruhusu kusimama ndani ya kile kipande cha barabara ninachokiona. Kona ikiwa imefunga na naona mita 15 tu, basi 50 ni kujitakia, hata kama jana mlipita hapo hapo salama. Mwenzangu hapo zamani alikuwa na falsafa yake: "Kama hakuna kitu, hakuna kitu." We acha tu.

Breki ya mbele, usiiogope

Wengi tumelelewa na baiskeli za Kichina na za Kihindi, za mzee. Tukaambiwa: usishike breki ya mbele, utapinduka! Mtoto anakua na hofu hiyo mpaka anaoa nayo.

Ukweli ni kwamba breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha. Ukifunga breki, uzito wote wa mwili na baiskeli unakimbilia mbele. Tairi la mbele linagandamizwa chini na kushika lami vizuri, la nyuma linabaki jepesi kama karatasi. Ndiyo maana ukikaza ya nyuma peke yake kwenye mteremko, tairi linaburuta, linaanza kwenda pembeni kama mkia wa samaki, na spidi haipungui ya maana. Sasa tairi linaloburuta haliongozeki.

Dawa si kuikimbia breki ya mbele, dawa ni kuukaa mwili vizuri. Unapofunga, sukuma makalio nyuma kwenye siti, nyoosha mikono kidogo, teremsha visigino, mwili uwe chini. Kaza taratibu halafu ongeza, kama mtu anayekamua chungwa, usikwapue. Ukisikia nyuma inaanza kuwa nyepesi au kuburuta, legeza ya mbele kidogo. Fanyeni zoezi hili kwenye uwanja wa shule siku ya Jumapili, spidi ndogo, mara ishirini au thelathini, mpaka mikono iielewe. Ni zoezi zuri kufanya wawili, mmoja anakimbia, mwingine anapiga kelele "simama!" bila kutoa taarifa. Utacheka.

Jambo moja la kuangalia, hasa nyinyi mnaonunua baiskeli za mtumba na mnaobadilishana. Baiskeli nyingine mkono wa kulia ndio breki ya mbele, nyingine ni wa kushoto. Inategemea ilitengenezwa kwa soko la nchi gani. Msibadilishane baiskeli bila kuulizana. Katikati ya kona si mahali pa kugundua kwamba mkono uliouzoea wewe kwa nyuma, kwa mwenzako ni wa mbele.

Na mikono yenyewe ikae chini, kwenye ile sehemu ya usukani iliyojikunja kama pembe za kondoo dume. Watu wengi wakiogopa hunyanyuka, wanashika juu. Kinyume chake ndicho salama. Ukishika chini, kidole kimoja au viwili vinafikia breki kwa nguvu zote, mwili unakuwa chini, na ukigonga shimo mkono hauchomoki. Kama vidole vyako ni vifupi, na hapa nasema na kina dada wenzangu, mwambie fundi akusogezee mikono ya breki karibu na usukani. Kwenye breki nyingi kuna skrubu ndogo ya kazi hiyo. Muuzaji hatakuambia. Mimi nilikaa na fundi wa mtaani kwetu dakika tano tu, yakaisha maumivu ya viganja ya miezi mingi.

Siku ya kona ya nane

Sasa niwape ya kwetu. Ilikuwa safari yetu ya pili Lushoto, Agosti, hewa safi, tumemwacha mtoto kwa bibi yake Korogwe. Mwenzangu akaniaga kwa mkono pale Soni, "Tukutane Mombo, mama," akapotea. Mimi nikashuka kwa mwendo wangu. Nilianza kuhesabu kona, ni tabia yangu. Kwenye ya nane nikamkuta amekaa chini ukutani, baiskeli imelala katikati ya nyasi, helmeti mkononi, uso umepauka.

Hakuanguka. Kilichotokea ni hiki. Kwa kuwa barabara ilikuwa na magari mengi, alikuwa ameshika breki bila kuachia, kilomita baada ya kilomita, kidogo kidogo, huku spidi iko pale pale. Breki zake zilikuwa za aina ya zamani, za raba kubana rimu. Rimu ikapata moto, moto ukaingia kwenye tyubu, hewa ikatanuka, na tyubu ya nyuma ikapasuka, "paa!" kama fataki. Aliweza kuisimamisha kwa sababu ilikuwa ya nyuma na alikuwa sehemu iliyonyooka. Kona ilikuwa mita hamsini mbele. Ng'ambo ya kona, bonde.

Niligusa ile rimu, nikatoa mkono haraka. Hatukusemezana. Tulibadilisha tyubu, tukashuka kwa miguu mpaka rimu ikapoa. Usiku, pale gesti Mombo, ndipo nilipomwambia, wala sikupandisha sauti: "Baba, mimi sipandi baiskeli na wewe tena mpaka tujue wote wawili tunafanya nini. Bibi yake mtoto nitamwambia nini?" Akanyamaza. Wanaume wengi ukiwaambia hivyo wanakuja juu. Yeye alinyamaza, halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea: "Nilikuwa naogopa. Ndiyo maana nilishika."

Jamani! Mwaka mzima nilidhani mwenzangu anapenda spidi. Kumbe alikuwa anatangulia ili nisimwone anavyotetemeka.

Shika, achia, shika, achia

Tulimtafuta mzee mmoja wa Arusha, aliwahi kushindana ujanani, sasa anafundisha vijana bure. Alitucheka kwanza. Halafu akatuambia neno ambalo mpaka leo tunalisema nyumbani, hata kwenye mambo ya hela: "Breki si ya kushikilia, breki ni ya kutumia."

Maana yake, kwenye kipande kilichonyooka unaiacha baiskeli iende, unakaa wima kidogo ili kifua chako kiwe breki ya upepo. Ukikaribia kona, unashika zote mbili kwa nguvu, sekunde mbili tatu, spidi inashuka hadi pale unapotaka, halafu unaachia kabisa. Katika ule muda wa kuachia, rimu au diski inapigwa na upepo na kupoa. Upepo ni rafiki wa bure. Ukienda haraka kidogo kwenye mnyoofu, upepo unakula sehemu kubwa ya ile nguvu. Ukijivuta kwa spidi ya wastani huku umebana muda wote, karibu yote inaangukia breki. Anayebana muda wote kwa woga ndiye anayechemsha.

Wenye breki za diski wasijione wamepona. Ni kweli tyubu haipati moto wa breki, na zinashika vizuri hata kwenye maji. Lakini nazo zikishikiliwa muda mrefu pedi zinang'aa kama kioo na kupoteza nguvu, na zile za mafuta zikipata joto kupita kiasi mkono wa breki unaweza kuzama ukawa laini. Ukisikia harufu ya kuungua, au mlio mpya, simama. Kunywa maji, piga picha ya maporomoko, mpige mwenzio busu, dakika kumi zinatosha. Wenye rimu za kaboni na breki za raba ndio wawe macho zaidi, maana kaboni haitoi joto haraka kama alumini, na ikizidiwa inaharibika yenyewe. Mimi kwa milima ningebaki na alumini. Si nzuri kwenye picha, lakini basi.

Kona ina adabu yake

Kazi yote ya breki inamalizika kabla ya kona, baiskeli ikiwa wima. Tairi lina uwezo wake wa kushika lami, na uwezo huo ni mmoja: ama linautumia kufunga, ama kukata kona. Ukidai yote mawili kwa wakati mmoja, hasa kwa breki ya mbele, linakuachia.

Ukiingia, pedeli ya upande wa nje ya kona iwe chini, na uikanyage kwelikweli, uzito wote uwe hapo. Pedeli ya ndani iwe juu, la sivyo itagonga lami. Macho, na hili ndilo kubwa, yatazame pale unapotaka kutokea. Baiskeli inafuata macho. Ukilitazama shimo utaingia shimoni, ukilitazama lori utalifuata lori. Mzee wetu alikuwa anapiga kelele nyuma yangu, "Kidevu, binti! Geuza kidevu!" Na kweli, ukigeuza kidevu mabega yanafuata, na mabega yakifuata kona inaisha yenyewe. Halafu sukuma kidogo usukani kwa mkono wa upande wa ndani. Ukikata kona ya kushoto, sukuma mkono wa kushoto. Inaonekana kichekesho, lakini baiskeli inalala upande huo huo bila ubishi.

Kwenye televisheni utawaona wale wa Ulaya wakitumia barabara nzima, wanaanzia nje, wanagusa ndani, wanatokea nje. Wao barabara imefungwa. Sisi yetu ina Kosta. Kwa hiyo unacheza ndani ya nusu yako ya kushoto tu. Na kona za kulia zina mtego ambao wengi hawauoni. Matairi yako yanaweza kuwa ndani ya mstari, lakini ukilala kulia, kichwa na bega lako viko ng'ambo ya mstari, upande wa lori linalopanda. Acha nafasi, walau mita moja. Kona za kushoto mtego wake ni mchanga na majani ya kabichi kwenye kingo. Usiingie ndani kabisa.

Kitu kingine cha kutisha ni baiskeli kuanza kutikisika yenyewe kwa spidi, usukani unacheza kama una homa. Wengi wanakaza mikono, na kukaza ndiko kunakoongeza. Bana fremu kwa magoti, nyanyua makalio kidogo kutoka kwenye siti, legeza viwiko, halafu punguza spidi taratibu. Inaacha.

Wale wakubwa nao huanguka

Kwa wapenzi wa Tour de France, mwaka 2016 Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundwa baiskeli na David Kinjah pale Kenya, alichomoka kwenye mteremko wa Peyresourde akiwa amekalia bomba la fremu, kidevu kwenye usukani, huku anakanyaga. Alishinda siku hiyo na kuvaa jezi ya njano. Vijana wote duniani wakaanza kuiga. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, liliupiga marufuku mkao huo mwaka 2021. Ukikaa hivyo uzito wote uko mbele, na breki huifikii vizuri. Mtu akija Lushoto na mkao huo, msishuke naye.

Na Juni 2023, Gino Mäder, Mswisi wa miaka 26, alianguka kwenye mteremko wa Albula katika mbio za kwao Uswisi, akafariki siku iliyofuata. Mtaalamu, barabara ya nyumbani kwake. Huyo ndiye ninayemtaja mtu anaponiambia helmeti inaharibu nywele. UCI yenyewe iliifanya helmeti kuwa lazima kwa wakubwa mwaka 2003, baada ya kifo cha Andrei Kivilev wa Kazakhstan kwenye mbio za Paris–Nice. Nywele utasuka tena.

Wakati tukiwasifu wazungu, tusiwasahau wa kwetu. Kuna wale jamaa wa Burundi wanaoshuka kutoka Bugarama kwenda Bujumbura na mikungu ya ndizi nyuma, baiskeli ya chuma isiyo na gia. Hao ukiwaona unaheshimu. Si wa kuiga, lakini unaheshimu.

Nani atangulie?

Hapa sasa ndipo magazeti ya michezo hayafiki, na ndipo wawili wanapogombana. Wa haraka anasema, "Siwezi kushuka kwa mwendo wako, nachoka mikono." Wa taratibu anasema, "Umeniacha." Wote wana haki.

Tulichokubaliana sisi ni hivi. Anayeshuka taratibu ndiye anayetangulia, siku zote. Wa nyuma anakaa mbali, mita 30 au zaidi, hakaribii gurudumu, hapigi kengele, hasemi "nenda, nenda." Ukimfuata mwenzako kwa karibu kwenye mteremko unamsukuma aende spidi isiyo yake bila kutamka neno. Hiyo peke yake ilibadilisha safari zetu. Kumbe mimi nikitangulia yeye ananitazama mistari, anatulia, hana haja ya kujifanya. Siku za kwanza alinung'unika. Siku hizi akitangulia kwa bahati mbaya anasimama mwenyewe.

Pili, hakuna kukutana Mombo. Tunakutana kila baada ya kilomita tano, mahali penye nafasi nje ya lami, si kwenye kona. Hapo tunagusa rimu, tunanyoosha vidole, tunaulizana hali. Tatu, yeyote akisema "leo hapana", ni hapana. Hakuna kubembeleza, hakuna utani mbele ya washikaji. Kuna rafiki yetu mmoja, mchumba wake alimtania mbele ya kundi zima kwamba anashuka kama bibi. Akaachia breki kwa hasira. Alivunjika mfupa wa bega, na uchumba nao haukumaliza mwaka. Yule dada sasa anashuka na sisi, na anashuka vizuri kuliko sote.

Nne, mvua ikinyesha tunapandisha baiskeli juu ya Kosta. Raba za breki zikilowa zinachukua muda kushika, unabana, hola, unabana, hola, halafu zinashika ghafla. Mistari ya rangi barabarani na vifuniko vya chuma vinateleza kama sabuni. Tena juu kuna baridi. Vidole vikifa ganzi breki huisikii. Wazee wa mchezo huu Ulaya walikuwa wakifika juu wanachomeka gazeti kifuani chini ya jezi kuzuia upepo. Linafanya kazi kweli, nimejaribu. Ila lisiwe gazeti hili, karatasi yake inang'aa mno, itateleza yote itokee tumboni!

Usiku wa kuamkia safari tunakagua pamoja, redio inaimba, chai mezani. Raba za breki zina mfereji bado au zimekwisha? Waya haujachanika nyuzi? Tairi lina mpasuko? Gurudumu limekazwa? Upepo usizidi, watu wanajaza mpaka tairi linakuwa jiwe, linaruka ruka badala ya kushika. Tairi la upana wa milimita 28 lenye upepo wa wastani linashika lami mbovu kuliko la 23 lililojaa. Mimi nakagua yake, yeye anakagua yangu. Mwanzoni lilikuwa wazo langu tu, sasa ameligeuza kuwa jambo lake, haniachii hata skrubu moja bila kuishika.

Desemba tunarudi tena Lushoto. Safari hii shemeji yangu, mdogo wake wa kike, anakuja na baiskeli aliyonunua mtandaoni, nzuri, nyekundu, ya mtumba. Nimemwambia ailete nyumbani wiki nzima kabla. Nataka kwanza nijue mkono upi ni wa mbele.